Picha Nzuri kwa Faili Dogo: Kisimbaji cha Video na Jinsi ya Kukipanga

Siku hizi si jambo la ajabu kumwona mwalimu wa Kemia akirekodi jaribio lake kwa simu ya mkononi, ili wanafunzi waliokosa kipindi wapate kulitazama baadaye. Ni jambo jema. Lakini mara tu kazi ya kurekodi inapokwisha huzuka tatizo ambalo mwalimu hakulitarajia. Faili la somo hilo la dakika 40 ni kubwa mno. Kulituma kwa njia ya mtandao huchukua saa nyingi, diski ya mkononi hujaa upesi, na mwanafunzi anayelipakua kwa simu hulipia kila megabaiti kwa fedha ya mzazi wake. Basi mwalimu hutafuta programu ya kulipunguza, hubonyeza kitufe kimoja, na faili huwa dogo kweli. Anapolifungua anakuta maandishi ya ubaoni yamefifia, na alama ya kutoa katika mlinganyo haionekani tena. Faili limepungua, na somo nalo limepungua.

Udogo wa faili na ubora wa picha ni mambo yanayovutana kama makundi mawili yaliyoshika kamba moja. Hakuna programu iwezayo kuyapatanisha kabisa, lakini mtu anayefahamu jinsi mvutano huo unavyotokea anaweza kuchagua kwa akili mahali pa kusimama. Katika makala haya tutaanza kwa kukokotoa ukubwa wa picha isiyobanwa, kisha tutafuata kazi ya kubana hatua kwa hatua, na mwishoni tutaeleza jaribio ambalo shule yoyote yenye kompyuta moja inaweza kulifanya. Hisabati itakayotumika haizidi ile ya kidato cha nne.

Ukubwa wa picha isiyobanwa

Picha ya video ya kidijitali ni jedwali la vidoa vidogo sana viitwavyo pikseli. Picha ya kipimo kinachotumiwa sana leo ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu wa kwenda juu, yaani pikseli 2,073,600 kwa jumla. Rangi ya kila pikseli huelezwa kwa namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, na kila namba huchukua baiti moja. Kwa hiyo picha moja tu, ambayo wataalamu huiita fremu, huhitaji baiti 6,220,800. Ili jicho lione mwendo ulio laini, tuseme fremu 25 hupita kila sekunde. Tukizidisha tunapata baiti 155,520,000 kwa sekunde moja. Kwa kiasi hicho, DVD ya gigabaiti 4.7 ingejaa katika muda wa sekunde 30 hivi, na somo letu la dakika 40 lingehitaji gigabaiti 373.

Bila shaka simu ya mwalimu haikuandika gigabaiti 373. Kama ilirekodi kwa kasi ya megabiti 16 kwa sekunde, basi katika sekunde 2,400 iliandika megabiti 38,400. Na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hizo ni megabaiti 4,800, yaani gigabaiti 4.8. Simu yenyewe, basi, ilikwisha kuipunguza video karibu mara 78 kabla mwalimu hajaigusa.

Kazi hiyo hufanywa na kisimbaji, yaani programu au sehemu ya mashine inayobadili picha kuwa msimbo mfupi. Chombo kinachofanya kazi ya kinyume, ya kuugeuza msimbo kuwa picha tena, huitwa kisimbuzi. Wakazi wengi wa Dar es Salaam walikifahamu kwa jina la king'amuzi wakati mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa jijini humo tarehe 31 Desemba 2012. Hata simu ndogo ina kisimbuzi ndani yake, maana bila hicho isingeweza kuonyesha video yoyote.

Mahali penye ziada

Kisimbaji hufaulu kwa sababu picha zetu zimejaa ziada, yaani habari ambazo zingeweza kubashiriwa au ambazo jicho halizihitaji. Ziada hiyo ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza iko ndani ya picha moja. Pikseli ya ukuta mweupe hupakana na pikseli nyingine ya ukuta huo huo, na rangi zao hulingana au hukaribiana sana. Kuziandika zote kwa ukamilifu ni kama mtu kuandika neno «nyeupe» mara elfu, ilhali angeweza kuandika «nyeupe, mara elfu».

Aina ya pili iko baina ya fremu na fremu. Katika moja ya ishirini na tano ya sekunde hakuna mambo mengi yanayobadilika. Ubao uko pale pale. Ni mkono wa mwalimu tu uliosogea. Kisimbaji huandika fremu moja kwa ukamilifu, ambayo hapa tutaiita fremu mama, kisha fremu zinazoifuata huzieleza kwa kuitegemea hiyo. Katika aina ya kodeki iitwayo H.264 picha hugawanywa katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. Kwa kila mraba kisimbaji hutafuta mahali ulipokuwa katika fremu nyingine, huandika mshale unaoonyesha umesogea kiasi gani na upande gani, kisha huandika tofauti ndogo iliyobaki. Mraba ambao haukusogea wala kubadilika hugharimu biti chache mno.

Aina ya tatu iko katika jicho lenyewe. Binadamu hutambua tofauti ndogo za mwangaza kuliko tofauti ndogo za rangi. Kwa hiyo kisimbaji huitenga habari ya mwangaza na habari mbili za rangi, kisha kwa kila pikseli nne hubakiza namba nne za mwangaza, lakini namba moja tu ya kila aina ya rangi. Pikseli nne zilizohitaji namba 12 sasa huhitaji namba sita. Nusu ya mzigo imeondoka, na ni watu wachache watakaoona tofauti.

Kutokana na hayo tunapata mashauri yanayofaa hata kabla kompyuta haijawashwa. Simu iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu hutoa faili dogo kuliko simu inayotetemeka mkononi, kwa sababu kutetemeka huusogeza kila mraba wa picha. Chumba chenye mwanga wa kutosha ni bora kuliko chumba chenye giza, kwa kuwa katika giza kamera hutoa chenga, na chenga hazibashiriki. Kila kidoa chake ni habari mpya ambayo kisimbaji hulazimika ama kuilipia kwa biti ama kuifuta. Mvua, majani yanayopeperushwa na upepo na mashabiki wanaoruka uwanjani humpa kisimbaji taabu kwa sababu hiyo hiyo.

Kuigeuza picha kuwa mawimbi

Baada ya utabiri, tofauti iliyobaki katika kila mraba hugeuzwa kutoka orodha ya pikseli kuwa orodha ya mawimbi. Hesabu inayotumika huitwa badiliko la kosaini. Ilielezwa katika makala ya Januari 1974 na Nasir Ahmed, mtaalamu mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Picha za JPEG, DVD na televisheni ya kidijitali zote hutumia badiliko hilo, na H.264 hutumia aina yake iliyorahisishwa kwa namba nzima.

Maana yake ni rahisi kuelewa. Namba ya kwanza ya orodha hueleza mwangaza wa wastani wa mraba. Namba zinazofuata hueleza mabadiliko ya polepole, kama kivuli kinachofifia ukutani. Namba za mwisho hueleza mabadiliko ya haraka, kama nyuzi za kitambaa au ncha kali za herufi zilizoandikwa kwa chaki. Katika picha za kawaida namba za mwanzo huwa kubwa na za mwisho huwa ndogo. Mpaka hapa tumebadili tu namna ya kuieleza picha, na karibu hakuna kilichopotea.

Ukadiriaji: hapa ndipo ubora unapouzwa

Hatua inayofuata ndiyo yenye uamuzi. Kila namba ya orodha hugawanywa kwa kigawanyo fulani, kisha jibu hukadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu. Kisimbuzi, kwa upande wake, huzidisha namba hiyo kwa kigawanyo kile kile. Kilichopotea katika kukadiria hakirudi.

Tuchukue safu moja ya pikseli nane iliyokwisha kugeuzwa kuwa mawimbi, nayo ni 412, 47, −23, 9, 6, −4, 3, 1.

Kwa kigawanyo 10 tunaandika 41, 5, −2, 1, 1, 0, 0, 0. Kisimbuzi kitapata 410, 50, −20, 10, 10, 0, 0, 0. Tukichukua kosa la kila namba, tukalipiga mraba na kujumlisha, tunapata 65.

Kwa kigawanyo 20 tunaandika 21, 2, −1, 0, 0, 0, 0, 0. Jumla ya miraba ya makosa ni 265.

Kwa kigawanyo 40 tunaandika 10, 1, −1, 0, 0, 0, 0, 0. Jumla ni 625.

Msomaji atazame jambo moja. Tulipotoka 10 kwenda 20, namba zisizo sifuri zilipungua kutoka tano hadi tatu. Sifuri zinazofuatana mwishoni hugharimu kidogo sana, kwa sababu kisimbaji huandika tu kwamba zilizobaki zote ni sifuri. Tulipotoka 20 kwenda 40, namba zisizo sifuri zilibaki tatu, ingawa zenyewe zimekuwa ndogo zaidi. Lakini kosa liliongezeka zaidi ya maradufu. Faida ilipungua huku hasara ikiendelea kukua. Karibu kila mpango wa kisimbaji una mahali kama hapo, ambapo kubana zaidi hakulipi.

Katika H.264 kigawanyo huchaguliwa kwa namba ya kuanzia 0 hadi 51, na kila namba hiyo inapoongezeka kwa 6, kigawanyo huongezeka mara mbili. Namba 24 humaanisha kigawanyo 10, namba 30 humaanisha 20, na namba 36 humaanisha 40. Hivyo mifano yetu mitatu si ya kubuniwa tu, bali imo katika mipaka ambayo mtumiaji hukutana nayo kila siku.

Mraba uliobanwa kupita kiasi hubakiwa na namba yake ya kwanza tu, yaani wastani. Hapo picha huonekana kama sakafu ya vigae. Herufi za chaki, ambazo uhai wake umo katika namba za mwisho, hufutika kabla ya uso wa mwalimu kuharibika. Ndiyo sababu video ya somo inaweza kuonekana nzuri kwa jumla na bado isifae kufundishia.

Bei ya biti moja

Kama biti ni chache, zipewe mraba upi? Mtaalamu wa Kimarekani Claude Shannon, aliyeweka msingi wa nadharia ya habari mwaka 1948, alionyesha katika makala ya mwaka 1959 kwamba kwa kila kiwango cha upotevu kinachokubalika kuna idadi ya chini ya biti ambayo hakuna msimbo unaoweza kuishinda. Visimbaji vya leo husogelea mpaka huo kwa kutumia njia ya Lagrange, mwanahisabati wa karne ya 18. Kwa kila uamuzi hutafuta thamani ndogo kabisa ya

G = U + λB

ambapo U ni upotevu wa ubora, B ni idadi ya biti, na λ ni bei ya biti moja. Bei ikiwa kubwa, kisimbaji huwa bahili. Bei ikiwa ndogo, huwa mkarimu.

Mkulima mwenye mashamba mawili na mifuko michache ya mbolea huifahamu kanuni hii hata kama hajaiandika. Hagawi mifuko nusu kwa nusu bila kufikiri, wala hamwagi yote katika shamba moja. Huhamisha mfuko kutoka shamba lisilohitaji sana kwenda lile linalohitaji zaidi, hadi mfuko wa mwisho ulete ongezeko sawa la mavuno kote kuwili. Kisimbaji nacho huhamisha biti kutoka ukuta mtupu kwenda penye mwendo na maandishi, hadi biti ya mwisho ilete faida sawa kila mahali.

Njia tatu za kutoa amri

Mtumiaji wa programu hukutana na njia kuu tatu za kukiamuru kisimbaji.

Ya kwanza ni kasi ya biti isiyobadilika. Kila sekunde hupewa kiasi kile kile, iwe na mambo mengi au machache. Njia hii hufaa kwa matangazo ya moja kwa moja yanayopita katika njia yenye upana maalumu. Kwa faili la kuhifadhi ni ubadhirifu, kwa sababu sekunde tulivu hupata zaidi ya haja yake na sekunde yenye vurugu hupungukiwa.

Ya pili ni kasi ya wastani kwa mapito mawili. Katika pito la kwanza kisimbaji hupima ugumu wa kila sehemu. Katika pito la pili hugawa biti kwa kadiri ya ugumu huo. Njia hii hutumiwa pale ukubwa wa faili unapojulikana mapema. Tuseme somo letu la dakika 40 halina budi kuingia katika megabaiti 150. Hizo ni megabiti 1,200, nazo zikigawanywa kwa sekunde 2,400 tunapata megabiti 0.5, yaani kilobiti 500 kwa sekunde. Tukitenga kilobiti 64 za sauti, picha hubakiwa na kilobiti 436.

Ya tatu ni kipimo cha ubora usiobadilika, ambacho katika programu huria ya x264 huandikwa CRF. Hapa hatusemi tunataka biti ngapi, bali tunataka ubora gani; kisimbaji hutumia biti kadiri kinavyohitaji. Mizani yake ni ya 0 hadi 51, na 23 ndiyo thamani inayotumika mtumiaji asipotaja nyingine. Namba ndogo ina maana ya ubora mkubwa na faili kubwa. Kwa makadirio, kuongeza 6 hupunguza faili kufikia karibu nusu. Kwa masomo na kumbukumbu za shule, njia hii ndiyo nyepesi na ya haki zaidi.

Tusisahau pia kipimo cha picha yenyewe. Picha ya pikseli 1280 kwa 720 ina pikseli 921,600, ambazo ni sehemu nne kwa tisa za picha yetu ya kwanza. Biti zikiwa chache, ni afadhali kuipunguza picha kwanza na kuzilisha vizuri pikseli zilizobaki, kuliko kuzishindisha njaa zote. Lakini kabla ya kufanya hivyo mwalimu ahakikishe kwamba herufi ndogo kabisa ya ubaoni, kama ile 2 ya chini katika H₂O, bado inasomeka.

Muda wa kompyuta na fedha ya mwanafunzi

Programu ya x264 ina pia mpango wa mwendo wa kazi, wenye majina kama ultrafast, medium na veryslow. Kisimbaji kinachokwenda polepole hujaribu mishale mingi zaidi ya mwendo na namna nyingi zaidi za kuugawa mraba, na hivyo hupata msimbo mfupi kwa ubora unaokaribiana. Anayekimbiza kazi hulipa kwa ukubwa wa faili.

Hapa pana suala la haki ambalo halizungumzwi sana. Kusimba hufanyika mara moja, lakini kupakua hufanyika mara nyingi. Kompyuta ya shule ikiachwa ifanye kazi usiku kucha, gharama yake ni umeme wa usiku mmoja. Faili likibaki kubwa, gharama hubebwa na kila mwanafunzi. Wanafunzi 40 wakipakua faili la gigabaiti 4.8, jumla ni gigabaiti 192. Wakipakua la megabaiti 150, jumla ni gigabaiti 6. Diski ya mkononi ya gigabaiti 16 hubeba masomo matatu ya aina ya kwanza, lakini hubeba zaidi ya masomo 100 ya aina ya pili. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni mfuko wa mzazi.

Uchaguzi wa kodeki una uzito wa namna hiyo hiyo. H.264 ilitolewa mwaka 2003. HEVC, iitwayo pia H.265, ilifuata mwaka 2013 kwa lengo la kutoa ubora ule ule kwa karibu nusu ya biti. AV1 ilitolewa mwaka 2018, na VVC mwaka 2020. Kila mpya hubana zaidi, lakini pia hudai kazi zaidi kutoka kwa kisimbaji na kisimbuzi. Simu ya zamani isiyokuwa na kisimbuzi cha kodeki mpya hushindwa kuonyesha picha au humaliza betri upesi. Asiyejua wanafunzi wake wana simu gani atakuwa salama zaidi akitumia H.264.

Ubora hupimwaje?

Kipimo cha kale hutokana na wastani wa miraba ya makosa. Tukiuita wastani huo M, kipimo cha PSNR ni

10 log (255² ÷ M)

nacho husomwa kwa desibeli. Badiliko la mawimbi likipangwa lisibadili jumla ya miraba, kama ilivyo kawaida, tunaweza kutumia mifano yetu mitatu moja kwa moja. Jumla 65 ikigawanywa kwa pikseli nane hutoa M = 8.125 na PSNR ya desibeli 39. Jumla 265 hutoa desibeli 33 hivi, na jumla 625 hutoa desibeli 29.

Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba hakijui jicho linatazama nini. Picha nzima iliyoongezewa mwangaza kidogo inaweza kupata alama mbaya ingawa mtazamaji haoni ubaya, na herufi moja iliyofutika inaweza isiathiri alama hata kidogo. Vipimo vya baadaye, kama SSIM cha mwaka 2004 na VMAF kilichotolewa na kampuni ya Netflix mwaka 2016, hujaribu kuyakaribia maoni ya binadamu. Hata hivyo, kwa somo la darasani hakuna kipimo kinachomshinda mwanafunzi anayeulizwa: «Unasoma nini hapo?»

Jaribio la darasani

Vifaa: kompyuta moja, programu ya bure kama HandBrake, ambayo hutumia x264, na sehemu ya video ya sekunde 30. Chagua sehemu iliyo ngumu, yenye mkono unaosogea na maandishi madogo.

1. Simba sehemu hiyo mara nne kwa CRF 18, 23, 28 na 33, bila kubadili kitu kingine chochote.
2. Andika ukubwa wa kila faili.
3. Mtu mmoja ayape mafaili majina A, B, C na D kwa mpangilio ambao wengine hawaujui. Hatua hii isirukwe, kwa sababu anayejua jibu huona anachotarajia kuona.
4. Kila mwanafunzi atazame yote akiwa mahali pale pale, atoe alama ya 1 hadi 5, na aandike maneno aliyoweza kuyasoma ubaoni.
5. Tafuta wastani wa alama kwa kila faili. Chora grafu, ukubwa ukiwa katika mhimili wa x na alama katika mhimili wa y.

Kwa kawaida mchoro hupanda kwa ukali, kisha hupinda kama kiwiko na kuendelea karibu mlalo. Upande wa kulia wa kiwiko tunalipia biti zisizoonekana. Upande wa kushoto tunapoteza vitu vinavyoonekana. Mpango unaofaa uko karibu na kiwiko, kwa sharti kwamba maandishi yote yamesomeka. Rudieni jaribio kwa video ya mpira wa miguu, nanyi mtaona kwamba kiwiko kimehama. Hapo darasa litakuwa limejithibitishia kwamba hakuna namba moja inayofaa video zote.

Tahadhari ya mwisho

Maji yakimwagika hayazoleki. Video iliyobanwa haiwezi kurudishiwa kilichotupwa, na ikibanwa mara ya pili makosa mapya huongezwa juu ya makosa ya zamani, maana kisimbaji cha pili hutumia biti zake kuhifadhi hata vigae vilivyoachwa na cha kwanza. Jambo hili hutokea kila video inapopitishwa kutoka simu hadi simu kwa programu zinazobana upya bila kumwuliza mtu. Kwa hiyo nakala ya kwanza iliyotoka katika kamera ihifadhiwe mahali salama, na kila nakala ndogo itengenezwe kutokana na hiyo. Sharti hili ni zito zaidi kwa mambo yasiyoweza kurekodiwa tena, kama simulizi ya mzee au ngoma ya kijiji. Kodeki za kesho zitabana vizuri kuliko za leo, lakini zitaweza kubana kile tu tulichokihifadhi.

Maswali ya kujipima

1. Tumia kigawanyo 5 kwa safu ya namba nane iliyotolewa hapo juu. Je, namba ngapi si sifuri? Thibitisha kwamba jumla ya miraba ya makosa ni 20, kisha kokotoa PSNR.
2. Somo la dakika 30 linatakiwa liingie katika megabaiti 90, na sauti imetengewa kilobiti 64 kwa sekunde. Picha itapata kilobiti ngapi kwa sekunde?
3. Fremu mama ikiwekwa kila baada ya fremu 250, na fremu 25 zikipita kila sekunde, mtazamaji anayeruka mbele anaweza kukuta fremu mama iko umbali wa sekunde ngapi? Eleza faida moja na hasara moja ya kuziweka fremu mama karibu karibu.
4. Kwa nini video iliyorekodiwa usiku bila taa ya kutosha huwa na faili kubwa kuliko ya mchana, ingawa huonyesha mambo machache zaidi?